Kona ya Dada: Nendeni Kipili, ila msiifuate radi

Leo najibu barua moja tu. Imebeba mambo mengi, na nina hakika wapo wengine wenye mpango wa namna hiyo ambao wameona aibu kuuliza.

Barua imetoka Sumbawanga. Binti anasema yeye na marafiki zake, wavulana kwa wasichana, wametazama video za vijana wa Marekani wakisimama juu ya ubao na kuteleza kwenye mawimbi. Si baharini, ni ziwani, tena wakati wa tufani. Mmoja wao akaropoka: ziwa tunalo, tufani tunazo, tunangoja nini? Basi wameshapanga. Watakodi gari aina ya Noah, watateremka Kipili, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mvua zikishakolea, watakaa hapo hadi siku ziwa litakapochafuka, ndipo waingie. Kaka anayeongoza msafara anasema bila dhoruba hakuna mawimbi. Binti mwenyewe kuogelea anajua kwa kubahatisha. Anamalizia hivi: "Dada, nikikataa wataniona mwoga. Nikienda moyo unakataa. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, safari nenda. Dhoruba kataa. Na sitaki ukatae kwa kulialia, nataka ukatae ukiwa na hoja mkononi, maana kaka yenu amesema nusu ya kweli, na mtu mwenye nusu ya kweli huwa mgumu kubishana naye.

Nimpe haki yake kwanza. Ni kweli ziwa linaweza kuwa na mawimbi ya kuchezea. Marekani kwenye Ziwa Superior, pale Duluth jimbo la Minnesota, kuna watu wanaosubiri upepo mkali wa vuli na wa majira ya baridi, wanaendesha gari saa kadhaa kuufuata, wanavaa nguo nene za mpira kwa sababu maji yanakaribia kuganda, halafu wanaingia na mbao zao. Na ziwa letu si fupi kuliko lao. Superior lina urefu wa kilomita 563, Tanganyika lina 673. Tena maji yetu hayagandishi mtu, juu huwa nyuzi joto kama 24 hadi 28 mwaka mzima. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mawimbi ni ya Wazungu, mwambie akasimame kwenye mwalo wowote wa mkoa wa Rukwa upepo wa kusi ukivuma.

Sasa nusu iliyobaki. Wimbi hutengenezwa na mambo matatu: upepo una nguvu kiasi gani, umevuma kwa muda gani, na umepita juu ya maji ya wazi umbali gani. Ziwa Tanganyika ni refu na jembamba, upana wake kwa wastani ni kilomita 50 hivi. Upepo ukilikata kwa mapana hauna nafasi ya kujenga kitu kikubwa. Ukipita kwa marefu, kutoka kusini kwenda kaskazini, unapata uwanja wa kutosha. Na upo upepo unaofanya hivyo kila mwaka bila kuitwa: kusi, kuanzia Mei hivi hadi Septemba. Huu ni upepo mkavu, unavuma siku nyingi upande mmoja, na hauji na radi. Ndio huohuo unaosukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, kisha huku kusini maji ya vilindini yanapanda na rutuba yake, viumbe vidogo vinaongezeka, na samaki wanapata chakula. Wavuvi wa Kirando na Kasanga wameishi na upepo huo vizazi na vizazi.

Dhoruba ya masika ni kitu kingine kabisa. Rukwa mvua zinakuja kwa msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Wingu linajikusanya juu ya milima, linashuka ziwani kwa muda mfupi, upepo unageuka kutoka upande huu kwenda ule, na mawimbi yanakuja kutoka pande mbili au tatu yakigongana. Hata bingwa wa mchezo huu hayataki mawimbi ya hivyo, kwa sababu hayana mgongo wa kutelezea. Yanavunjika ovyo, yanakurusha, yanakumeza, basi. Kwa hiyo mwambie kaka yenu kwamba hata kwa mchezo wenyewe amechagua msimu mbaya. Hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza, na naipenda kwa sababu haina neno "naogopa" ndani yake.

Kuna tofauti nyingine ambayo video haziwaelezi. Baharini wimbi linaweza kuzaliwa na tufani iliyo mbali maelfu ya kilomita, likasafiri siku kadhaa, likafika ufukweni jua linawaka na upepo umetulia. Ndiyo maana mnawaona watu wa Durban wanacheza kwenye mawimbi makubwa huku mbingu ni buluu. Kwenye ziwa hakuna safari ndefu ya hivyo. Wimbi la ziwani linakufa muda mfupi baada ya upepo uliolizaa kufa. Ukitaka wimbi la dhoruba ziwani, ni lazima uwe ndani ya dhoruba yenyewe, na dhoruba ya kwetu ina radi.

Hapa nitasema taratibu mnielewe. Mtu aliye majini katikati ya ziwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyomzunguka. Hakuna mti, hakuna nyumba, kuna kichwa chako na ubao wako, na mwili umelowa. Radi haihitaji kukupiga moja kwa moja, inatosha ipige maji jirani nawe. Kanuni ni moja na haina mjadala: mkisikia ngurumo, hata ya mbali, tokeni majini, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na mkitoka msikimbilie chini ya mwembe. Ingieni ndani ya gari mfunge milango, au ndani ya nyumba.

Basi hoja ya msimu imekwisha: Juni, Julai au Agosti. Tuje Kipili penyewe, maana naona mmepachagua kwa jina tu.

Kipili imekaa vizuri. Mbele yake kuna visiwa, na visiwa hivyo ndivyo vilivyoifanya kuwa bandari, vyombo vinapata kimbilio. Lakini kinachokinga vyombo na mawimbi kinawanyima na ninyi mawimbi hayo. Siku nyingi mtakuta maji ya bandarini yametulia, na yule aliyewaahidi mawimbi ataanza kuona haya na kusema twendeni nje ya visiwa. Msiende. Mawimbi ya kujifunzia yatafuteni kwenye ufukwe wa mchanga unaopokea kusi kwa ubavu, karibu na watu, mahali ambapo mtu akisimama maji yanamfika kiunoni. Pa namna hiyo muulizeni mvuvi, msiulize simu.

Na sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Kipili iko ukingo wa mashariki wa ziwa. Kusi linatokea kusini-mashariki. Maana yake kuna sehemu ambapo upepo unatoka nchi kavu na kwenda zake ziwani. Ukiwa ufukweni unaona maji laini, hakuna povu, unasema leo ni salama. Ukilala juu ya ubao, au vibaya zaidi juu ya boya la kupuliza, upepo unakusukuma pole pole kwenda nje. Unageuka kutazama nyuma, wenzako wamekuwa wadogo. Mbele yako ni Kongo, kilomita zipatazo 50. Upepo wa usiku na alfajiri nao una tabia hiyo, huvuma kutoka nchi kavu kwenda majini, na wenye mitumbwi wanaujua wanautumia kutokea. Kwa hiyo kabla ya kuingia, chukua mchanga mkavu mkononi uurushe juu. Ukikimbilia ziwani, siku hiyo mnacheza kando kando maji ya mapajani, au mnacheza bao.

Ikitokea umesukumwa, usiuache ubao. Usidhani utaogelea haraka zaidi bila huo. Ng'ang'ania, inua mkono mmoja, piga kelele, subiri. Ukikokotwa na mkondo ufukweni, usishindane nao uso kwa uso. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye njia yake, kisha ndipo urudi nchi kavu.

Sasa kuogelea kwako kwa kubahatisha. Mdogo wangu, maji baridi hayabebi mwili kama maji ya bahari. Chumvi inayafanya maji kuwa mazito zaidi kidogo, ndiyo maana mtu aliyejifunzia Bagamoyo akija ziwani anashangaa anazama zaidi. Na ziwa hili ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, kina chake cha juu ni kama mita 1,470, na maeneo mengi kando yake pana mawe na baada ya hatua chache chini hakuna chini. Una miezi kabla ya Julai. Jifunze. Tafuta mtu mvumilivu, jifunze kuelea chali kwanza kabla ya mbwembwe zote, kwa sababu anayejua kuelea chali anaweza kupumzika, na anayepumzika anaweza kusubiri msaada.

Jaketi okozi, lile mnaloita laifu jaketi, kila mtu awe na la kwake, la saizi yake, limefungwa. Likiachwa kwenye Noah halina kazi. Wapo watakaosema linaharibu picha. Desemba 2014, upande wa Kongo wa ziwa hilihili, boti ya Mutambala ilizama ikiwa imejaza watu na mizigo na upepo ukiwa mkali. Walikufa watu zaidi ya 120. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara, Ziwa Victoria, hatua chache kutoka gatini, wakafa zaidi ya 200. Maziwa yetu hayajali picha. Na mkikosa jaketi la ziada kwa ajili ya uokoaji, wekeni ufukweni dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kinachokaza na kamba ndefu. Dumu hilo likirushwa kwa mtu anayezama linamwelesha. Ila mwokoaji asiingie majini mikono mitupu, maana anayezama atamkumbatia wazame wote.

Kuhusu kuteleza kwenyewe nitasema kidogo, kwa kuwa wengi wenu mtajifunza kwa kuanguka. Siku ya kwanza msisimame. Laleni kifudifudi juu ya ubao, maji ya kiunoni, subirini wimbi livunjike, mruhusu povu liwasukume hadi mchangani. Utacheka mpaka mbavu ziume, na hakuna anayehitaji kukusimamisha. Ubao ufungwe kamba mguuni, kwa sababu ubao uliokuponyoka ni rungu linaloelea kuelekea kwenye kichwa cha mwenzako. Ukianguka, anguka ukijitanua, usitangulize kichwa, na ukiibuka kinga uso kwa mikono. Mawimbi ya ziwa yanakuja yamebanana, hili halijapita lile limefika, kwa hiyo mtachoka haraka kuliko mlivyoona kwenye video. Mkichoka tokeni. Mawimbi ya jioni hayana faida kwa mtu ambaye mikono imeshakuwa mlenda.

Kabla sijasahau, wasichana. Msidhani mchezo huu ni wa kaka zenu na ninyi kazi yenu ni kupiga picha na kulinda viatu. Senegal yuko Khadjou Sambe, binti wa Ngor pale Dakar, ambaye ni mwanamke wa kwanza wa nchi yake kuufanya mchezo huu kuwa kazi. Mchezo ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, ile michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, medali ya fedha ya wanawake ilikwenda kwa Bianca Buitendag wa Afrika Kusini. Ingieni majini. Mavazi yawe ya kubana kiasi yasiyoshika maji, leggingsi na fulana vinatosha. Kanga mfunge mkitoka, kwa kuwa mwalo ni mahali pa kazi pa watu na watoto, mnaupita kwa heshima.

Nikirudi kwenye mwalo: Kipili si uwanja wenu wa michezo uliokuwa tupu mkaukuta. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku kwa taa, wanarudi asubuhi wamechoka, na mchana wanalala. Spika zenu za muziki wa saa tatu asubuhi zitawatafutia maneno. Dagaa wanaanikwa mchangani. Mkipita juu yao na mbao zenu mmekanyaga ada ya shule ya mtoto wa mtu. Nyavu zilizotandazwa msizivuke. Mkifika, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji mjitambulishe, muwaone na viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, mseme mmekuja kufanya nini na mtakuwa wapi. Hili si adabu tu. Siku mambo yakiharibika, watakaokuja na boti kuwatoa ni hawa, si polisi wa mjini. Mlipeni mvuvi mmoja mwenye boti yenye injini akae karibu wakati mnacheza. Siku ya mbalamwezi kali, dagaa hawafuati taa vizuri na wavuvi wengi hupumzika, kwa hiyo ni rahisi kumpata. Hii hela msiione nyingi.

Na mvuvi huyo muulizeni mambo ambayo hayako kwenye mtandao. Mamba wanaonekana wapi? Midomo ya mito na penye matete hamuingii, alfajiri na magharibi hamuingii. Mawe gani yana swila wa majini? Yupo, anakula samaki, hana ugomvi na wewe, ila ana sumu na usimshike mkia. Kichocho nacho kipo kandokando ya ziwa, hasa maji yaliyotulia yenye majani ambako konokono wanakaa. Ukirudi nyumbani usikimbilie kupima wiki ileile, kwa kuwa vipimo vya mapema vinaweza visionyeshe kitu. Subiri kama miezi miwili, nenda kituo cha afya, mwambie daktari ulioga Tanganyika. Dawa ipo, prazikwanteli, na haina hadithi ndefu.

Tuingie barabarani. Kutoka Sumbawanga mnashika njia ya Mpanda, mnapita Chala, halafu mnakwenda Namanyere, na kutoka hapo mnateremka kwenda ziwani. Sumbawanga iko juu karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ziwa liko kwenye mita 770 na kidogo. Mtashuka kilomita nzima kwa kwenda chini. Julai mtaondoka mmevaa masweta na mikono mfukoni, mtafika mkiyavua. Dereva ashuke kwa gia ndogo, asikanyage breki njia nzima, kwa sababu breki ikishapata moto haishiki na Noah iliyojaa watu saba na mbao juu ya paa ni nzito. Mbao zifungwe kwa mikanda miwili kila moja, si kwa kamba ya katani moja iliyokopwa. Mafuta jazeni Namanyere, pesa taslimu chukueni hukohuko. Kituo cha afya kipo Kirando, hospitali Namanyere. Andikeni hivyo kwenye karatasi na muiweke kwenye gari, maana simu zitaisha chaji siku ileile mnayozihitaji. Namba ya dharura ni 112.

Usiku msisafiri. Kurudi ni kupanda, wote mmechoka, jua limewachoma, kila mtu anasinzia isipokuwa dereva, na hata yeye si hakika. Laleni Kipili usiku wa mwisho, muondoke asubuhi. Dereva wa kurudi ajulikane tangu mwanzo, na siku hiyo na usiku uliotangulia hagusi pombe. Mkishindwa kumpata mtu wa namna hiyo kati yenu wote, kodini Noah pamoja na dereva wake.

Sasa yale ambayo binti hakuyauliza, lakini dada yake anayaona kati ya mistari.

Hela ya kurudi iwe mfukoni mwako. Si kwenye mchango, si kwa mpenzi wako, si kwa mweka hazina wa msafara. Nauli ya basi au ya bodaboda hadi Namanyere, na ya kutoka hapo hadi nyumbani, ikae kwenye simu yako mwenyewe. Mtu asiye na nauli yake hawezi kusema hapana, atakubali hata asichokitaka kwa sababu ametegemea gari la mwenzake. Vyumba mjue mapema: nani analala na nani, na mlango una komeo. Pale ufukweni kuna Lake Shore Lodge yenye sehemu ya kambi na nyumba, na zipo gesti za kawaida. Gesti ya bei nafuu si tatizo. Tatizo ni kufika saa mbili usiku na kuambiwa imebaki chumba kimoja, halafu watu wanatazamana wakitabasamu. Nyumbani waambie ukweli: unakwenda wapi, na nani, unarudi lini. Ukimwambia mama uko semina Mbeya, siku ukichelewa watakutafuta Mbeya.

Na katika kundi lenu, chagueni mtu mmoja mwenye ruhusa ya kusema leo hatuingii, na neno lake lisipigiwe kura. Asiwe yule mwenye video. Mimi ningemchagua yule anayeogopa maji kidogo, maana macho yake yatakuwa angani wakati wenu yako kwenye kamera. Asubuhi na jioni awe anasikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Wanatabiri pia upepo na mawimbi ya Ziwa Tanganyika, na wakitoa angalizo la upepo mkali siku hiyo mnabaki nchi kavu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia Mafia, TMA walitangaza mapema, na wenye vyombo vya baharini waliosikia walikaa gatini. Hakuna aliyewaita waoga.

Nimesikia mnaniuliza: tukikuta ziwa limelala siku zote, je? Furahini. Tanganyika ina aina kama 250 za samaki wa jamii ya sato na kuhe, karibu wote hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Vaa miwani ya majini, elea juu ya mawe penye kina kifupi na maji maangavu kama kioo, utaona rangi ambazo hujapata kuziona sokoni. Kuleni migebuka ya kuchoma na ugali wa ulezi. Mtafuteni mzee akusimulieni juu ya Liemba, meli iliyojengwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha kazini 1927, ikapakia babu zenu na magunia yao. Safari ambayo furaha yake yote inategemea wimbi moja ni safari iliyopangwa vibaya.

Na kwa kaka anayeongoza msafara, najua utasomewa hii kwa sauti. Sijakudharau. Wazo lako ni zuri, na natamani vijana wengi wa Ufipa walijue ziwa lao kwa kuliogelea, wasiishie kula dagaa zake tu. Ila ukiwa kiongozi wa watu saba majini, kazi yako ni kuwarudisha saba. Sogeza tarehe hadi Julai. Anayekuharakisha ni nani?

Binti yangu, kwako: mwoga ni anayeingia majini kwa sababu anaogopa maneno ya wenzake. Waambie utakwenda kusi likianza, ukiwa umejua kuelea, na jaketi lako mwenyewe. Wakikubali, mniandikie tarehe. Wakikataa na kushikilia msimu wa radi, baki Sumbawanga, na uzungumze na mzazi mmoja wa yeyote kati yao kabla Noah haijaondoka.